Kabla mwanao hajaruka kutoka kwenye kochi, msimulie habari za Dynamite Kid

Jumamosi moja jioni nilikuwa nyumbani kwa dada yangu. Chai ilikuwa mezani na televisheni ilikuwa inaonyesha mieleka. Mtoto wake wa miaka tisa alipanda juu ya kochi, akamwamuru mdogo wake alale chali kwenye zulia, akanyanyua mikono kama anawasalimia mashabiki.

"Mama mdogo, niangalie!"

Nilimdaka akiwa tayari ameshaachia miguu. Kichwa chake kilikuwa kinaelekea moja kwa moja kwenye kifua cha mdogo wake, na pembeni yao, karibu kabisa, kulikuwa na kona ya meza ya kioo.

Dada alimgombeza. Mtoto naye, badala ya kuomba radhi, aliuliza swali: "Mbona wale wanaruka kila siku na hawaumii?"

Tulimjibu kama wazazi wengi wanavyojibu, kwamba wale wanaigiza tu. Hakuridhika, na mimi pia sikuridhika. Nikaamua kutafuta habari za mtu mmoja aliyefanya kazi ile ujana wake wote, nione mwili wake ulimfikisha wapi. Nilimchagua Thomas Billington wa Uingereza, aliyejulikana ulingoni kwa jina la Dynamite Kid. Wapo wanaomtaja miongoni mwa wanamieleka hodari zaidi waliopata kutokea katika nchi ile.

Kwa mzazi mwenye mtoto anayependa mieleka, habari zake zinafaa kujulikana.

Mtoto wa mji wa makaa ya mawe

Billington alizaliwa Desemba 5, 1958 katika mji mdogo wa Golborne, karibu na Wigan, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Huo ulikuwa ukanda wa migodi ya makaa ya mawe. Wanaume wa huko walisifika kwa ngumi na mieleka, na familia yake ilikuwa na mabondia.

Tom hakuwa na umbo kubwa. Hata alipokua mtu mzima urefu wake ulikuwa kama futi 5 na inchi 8 tu. Alichokuwa nacho ni wepesi na roho ngumu. Akiwa bado kijana alianza kufundishwa na Ted Betley, mwanamieleka mstaafu, na mwaka 1975 alianza kupanda ulingoni kwa malipo.

Wakati huo mieleka ilikuwa burudani ya familia nzima Uingereza. Kila Jumamosi alasiri kituo cha ITV kiliionyesha katika kipindi cha World of Sport. Babu, bibi na wajukuu walikaa sebuleni pamoja kuitazama, kama familia nyingi za kwetu zinavyokaa kuangalia tamthilia.

Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, kijana huyo alimshinda Jim Breaks na kuchukua ubingwa wa Uingereza wa uzito mwepesi. Watoto waliokuwa wakimtazama sebuleni waliona kijana mdogo akiruka kuliko wakubwa wote. Bila shaka wengine walipanda juu ya makochi yao.

Matokeo hupangwa, kuanguka hakupangwi

Hapa ndipo jibu letu la "wanaigiza tu" linapokwama.

Ni kweli, katika mieleka ya kulipwa mshindi hujulikana kabla ya pambano kuanza. Wapiganaji ni washirika. Anayebebwa humsaidia anayembeba, na wote wawili wamefundishwa kwa muda mrefu namna ya kuanguka ili uzito usambae mgongoni na kidevu kibaki kifuani, kichwa kisijigonge.

Lakini uzito wa binadamu hauigizwi. Chini ya turubai la ulingo kuna godoro jembamba, kisha mbao, kisha vyuma. Mtu wa kilo 100 akiangushwa pale, mgongo wake unapokea kishindo cha kilo 100. Akifanya hivyo mara 20 usiku mmoja, na kurudia usiku unaofuata katika mji mwingine, mwili unahesabu kila pigo.

Billington alikuwa na mtindo uliouongezea mwili wake mzigo. Kila alichofanya alikifanya kwa kasi na kwa nguvu zote. Ruka yake maarufu ilikuwa kupanda kamba ya juu kabisa, kujitupa hewani mwili umenyooka, na kumpiga kwa kichwa mpinzani aliyelala chini. Ruka hiyo inahusishwa kwanza na Mmarekani Harley Race, ambaye miaka ya baadaye alieleza kujuta kuianzisha baada ya kuona madhara yake kwa waliomfuata.

Turudi kwenye kochi la dada yangu. Ruka aliyotaka kuifanya yule mtoto ilikuwa hiyohiyo.

Japani, Canada na sindano

Mwaka 1978 Billington alihamia Calgary, Canada, kupigana katika kampuni ya Stampede Wrestling ya mzee Stu Hart. Kutoka hapo akaanza kwenda Japani.

Aprili 23, 1981, jijini Tokyo, alipambana na Satoru Sayama, aliyevaa kinyago na kuitwa Tiger Mask, jina la shujaa wa katuni waliyoipenda watoto wa Japani. Pambano hilo na mengine waliyopigana hadi 1983 yanatazamwa mpaka leo. Wataalamu wa mieleka wanasema yaliwafungulia njia watu wenye miili midogo, kwa kuwa yalionyesha kwamba wepesi nao unajaza ukumbi.

Hata hivyo Amerika Kaskazini ilitaka miili mikubwa. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, Billington alikiri mwenyewe kwamba alitumia steroidi kuongeza misuli, zikiwemo zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Alikiri pia kutumia dawa za kuchangamsha mwili na dawa za kulevya.

Kijana aliyeanza akiwa mwembamba akawa mtu wa kutangazwa ulingoni kwa uzito wa kilo 100 na zaidi. Mifupa ilikuwa ileile ya mtu wa futi 5 na inchi 8, na viungo vile vile sasa vilibeba nyama nyingi zaidi na kuangushwa kwa nguvu zaidi.

Kwa kuwa wazazi wengi wana vijana wanaokwenda gym, nieleze kidogo kuhusu steroidi hizi. Si zile ambazo daktari humwandikia mtoto mwenye pumu. Hizi ni za kundi la homoni ya kiume. Zinakuza misuli, lakini zinaweza pia kuufanya moyo unenepe kuta zake, kupandisha shinikizo la damu, kuharibu ini na kupunguza uwezo wa kuzaa. Kwa kijana ambaye bado anakua, zinaweza kufunga mapema sehemu za mifupa zinazorefuka, akabaki mfupi. Tabia nayo hubadilika: hasira za ghafla, kukosa usingizi, na huzuni kubwa anapoziacha.

Mkanda wa dunia, kisha mgongo

Katikati ya miaka ya 1980 Billington aliingia WWF, kampuni ambayo leo watoto wetu wanaijua kwa jina la WWE. Alikuwa pamoja na binamu yake, Davey Boy Smith, naye mzaliwa wa Golborne. Wawili hao waliitwa British Bulldogs, na walikuwa wakiingia ulingoni na mbwa wao, Matilda.

Aprili 7, 1986, katika WrestleMania ya pili, waliwashinda Greg Valentine na Brutus Beefcake na kuchukua mikanda ya dunia ya timu za watu wawili. Mwanamuziki Ozzy Osbourne alikuwa kwenye kona yao. Tom alikuwa na miaka 27.

Miezi minane baadaye mgongo ulimshinda.

Ilikuwa Desemba 1986, katika pambano mjini Hamilton, Canada. Alianguka na kushindwa kuinuka. Diski mbili za mgongo wake zilikuwa zimeharibika vibaya.

Diski ni kama mito midogo iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Kazi yake ni kupokea kishindo tunapotembea, kuruka au kubeba ndoo. Ikipondwa mara kwa mara hupasuka na kutokeza nje, ikabana mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Mtu huanza kwa maumivu, kisha ganzi, na ikizidi miguu hupoteza nguvu.

Alifanyiwa upasuaji, na madaktari wakamshauri aache mieleka. Hakuacha.

Januari 26, 1987, mjini Tampa, Marekani, alirudi ulingoni ili mikanda ikabidhiwe timu nyingine. Hakuweza kutembea vizuri, ikabidi Davey Boy amsaidie kufika ulingoni. Karibu pambano lote alilala chini huku binamu yake akipigana peke yake.

Picha za siku ile bado zipo. Ukimtafutia mwanao video ya Dynamite Kid, mwonyeshe Tokyo, kisha mwonyeshe na Tampa.

Gharama iliyolipwa nyumbani

Aliendelea kupigana kwa miaka kadhaa akitegemea dawa za kutuliza maumivu. Dawa hizo, hasa zile kali, zina mtego wake. Maumivu yanapofunikwa mtu hudhani amepona, anaongeza kazi, jeraha linazidi, naye anahitaji dozi kubwa zaidi.

Wenzake wengi wamesimulia kwamba alikuwa na tabia ya uonevu katika vyumba vya kubadilishia nguo, akiwafanyia wengine mizaha ya kuumiza. Mwaka 1988 mmoja wa waliochoshwa, Jacques Rougeau, alimpiga ngumi iliyomng'oa meno. Muda mfupi baadaye Bulldogs waliondoka WWF.

Nyumbani nako hakukuwa salama. Aliyekuwa mke wake amesimulia hadharani hofu aliyoishi nayo. Ndoa ilivunjika, na mwaka 1991 Billington alirudi Uingereza, watoto wakabaki Canada na mama yao.

Sisi tunaoandika habari za afya huwa tunahesabu mifupa na diski. Mara chache tunawahesabu watoto waliokua baba yao akiwa hayupo.

Desemba 1991 alitangaza kustaafu. Alirudi ulingoni mara chache, na pambano lake la mwisho lilikuwa Tokyo, Oktoba 1996. Walioliona wanasema nguo zilimning'inia, misuli yote ile imekwisha. Safari hiyo hiyo, wakati wa kurudi nyumbani, alipatwa na kifafa.

Mwaka 1997 mguu wake wa kushoto ulipoteza nguvu kabisa. Akiwa bado hajafikisha miaka 40, bingwa wa WrestleMania akakalia kiti cha magurudumu, na hakuinuka tena.

Binamu yake hakupata hata huo muda. Davey Boy Smith, ambaye mwaka 1992 alijaza Uwanja wa Wembley na kushinda mbele ya watu wa nchi yake, alifariki Mei 2002 kwa tatizo la moyo. Alikuwa na miaka 39.

Billington alipata kiharusi mwaka 2013. Alifariki Desemba 5, 2018, siku aliyotimiza miaka 60.

Lipo jambo moja lililonisumbua nilipokuwa nasoma habari zake. Katika kitabu chake, akiwa tayari kwenye kiti cha magurudumu, hakuonyesha kujutia maisha aliyoyachagua. Mieleka ndiyo ilimtoa Golborne na kumpa jina. Sioni sababu ya kumficha mtoto jambo hilo. Mtu anaweza kukipenda kitu kwa moyo wote na kitu hichohicho kikamvunja.

Mtoto aliyemwiga

Mjini Edmonton, Canada, kulikuwa na mvulana aliyekuwa akimtazama Dynamite Kid na kusema anataka kuwa kama yeye. Jina lake Chris Benoit.

Alipokua alitimiza ndoto yake. Alijenga misuli kama ya Dynamite, akajifunza kasi yake, akaichukua na ile ruka ya kichwa kutoka kamba ya juu. Mwaka 2004 akawa bingwa wa dunia.

Juni 2007 Benoit alimuua mke wake na mtoto wao wa miaka saba, kisha akajiua. Alikuwa na miaka 40. Wataalamu waliouchunguza ubongo wake walisema ulikuwa umeharibika sana, kwa namna inayoonekana kwa watu waliopigwa kichwani mara nyingi kwa miaka mingi.

Hakuna anayeweza kusema kwamba ubongo ule peke yake unaeleza unyama ule. Watu wengi wameumia kichwa na hawakumdhuru mtu. Lakini tangu hapo mchezo wenyewe ulianza kuogopa mapigo ya kichwa. Mwaka 2010 WWE ilipiga marufuku kumpiga mtu kichwani kwa kiti, jambo lililokuwa la kawaida kabla ya hapo. Na kampuni hiyo yenyewe imekuwa ikiwaambia watazamaji wasijaribu michezo hiyo nyumbani.

Mzazi afanye nini

Sisemi uzime televisheni. Mtoto aliyekatazwa sebuleni ataangalia kwa jirani au kwenye simu ya kaka yake. Yapo mambo yanayosaidia zaidi.

Tazama naye. Mweleze kwamba wale wawili wamekubaliana, wamefundishwa miaka mingi, na hata hivyo wanaumia. Mwambie mdogo wake hajafundishwa kuanguka.

Weka sheria chache anazoweza kuzikumbuka: hakuna kuruka kutoka juu ya kitu, hakuna kushika shingo, hakuna kumbeba mwenzako kichwa chini. Kusukumana kwenye nyasi ni mchezo wa watoto tangu enzi za mababu. Hatari kubwa iko kwenye shingo na kichwa.

Akitaka kweli kujifunza, mtafutie judo au mazoezi ya viungo yenye mwalimu na mikeka. Huko somo la kwanza ni namna ya kuanguka.

Akigonga kichwa, mwache apumzike na umwangalie kwa karibu kwa saa 24 hadi 48. Asirudi kucheza siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Ubongo uliotikisika unaweza kudhurika vibaya ukitikiswa tena kabla haujapona. Usimpe aspirini.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona dalili hizi:

- Amepoteza fahamu, hata kwa muda mfupi
- Anatapika mara kwa mara
- Kichwa kinauma na kinazidi kuuma
- Anasinzia kupita kawaida au ni mgumu kuamka
- Anaongea ovyo, hamtambui mtu, au anayumba
- Mboni za macho hazilingani
- Amepatwa na degedege
- Maji au damu inatoka puani au masikioni

Akilalamika shingo au mgongo, au akisema hahisi mikono au miguu, usimnyanyue wala usimkalishe. Mwache alivyolala, shikilia kichwa kisigeuke, na uite msaada. Najua sisi tunapenda kumwinua mtoto aliyeanguka na kumpangusa vumbi. Jeraha la shingo haliruhusu hilo.

Kwa wenye vijana wa gym, muulize anatumia nini. Soma kopo la poda lililoko chini ya kitanda. Ukiona sindano, vidonge visivyo na maelezo, chunusi nyingi za ghafla mgongoni, kifua cha mvulana kinachovimba kama cha msichana, au hasira usizozizoea, mpeleke kwa daktari bila kumfokea. Ukimfokea atakuficha zaidi.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Ugomvi mdogo wa leo kuhusu kochi ni afadhali kuliko safari ya usiku kwenda hospitali.

Nilimrudia mpwa wangu

Wiki mbili baadaye nilikaa na yule mtoto, nikamwonyesha kwenye simu pambano la Tokyo la mwaka 1981. Alishangilia. Nikamwonyesha Tampa, yule mtu yuleyule amelala chini na binamu yake anahangaika peke yake. Alinyamaza.

"Mama mdogo, aliumia kweli?"

Nikamwambia ndiyo, aliumia kweli, na baadaye hakuweza kutembea.

Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kama bado anaruhusiwa kuangalia Jumamosi. Nikamjibu anaruhusiwa, ila akae kwenye kochi kama watu wengine. Dada yangu ananiambia mpaka sasa anakaa, ingawa ile meza ya kioo wameshaihamishia chumbani.